MKUKI NA PLAU: Khitilafu za Wenye Ilimu ya Nafsi Mbele ya Kadhia ya Basotu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanaadamu kwa akili, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika maswali wayaletayo vijana wasomao skuli za serikali na vyuo vikuu mbele ya walimu wao wa madrasa, liko moja lirejealo kila mwaka, wala halijibiki kwa kukemea. Wauliza hivi: ikiwa wenye ilimu ya nafsi, ile iitwayo saikolojia, wamekwisha kuonyesha ya kuwa kila kitendo cha mtu kina sababu iliyokitangulia, ama ndani ya mwili wake, ama katika utoto wake, ama katika malezi ya watu wake, basi mtu huyo alaumiwa kwa lipi?

Swali hili ni zito. Mwenye kulikubali lote hamwachii kadhi wala baba wala mwalimu haki ya kumwambia mtu: umekosa. Na mwenye kulikataa lote ajifanya kipofu, kwani kila mwenye macho aona ya kuwa mtoto aliyelelewa katika wizi si sawa na mtoto aliyelelewa mlangoni mwa msikiti. Lililo bora ni kuwasikiliza wenyewe kwanza, kisha kuwapima. Na kupima hakufai hewani, bali mizani huwekwa juu ya ardhi. Ardhi iliyochaguliwa katika kurasa hizi ni Basotu.

Basotu ni uwanda na mji mdogo ulio kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, katika wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara, mkoa uliokatwa kutoka ule wa Arusha mwaka 2002. Ni mbali na harufu ya bahari. Wenyewe wa malisho yale ni Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga, nao ni wafugaji wa ng'ombe. Watu wengi huwajua kwa jina la Mang'ati. Jina hilo hawakujipa wao. Ni neno la Kimasai, na maana yake ni adui. Msomaji aliweke moyoni jambo hili tangu sasa, ya kuwa kabla hajauliza mtu nafsi ya Mbarabaig ikoje, amekwisha kumwita adui.

Khabari mbili za Basotu ndizo zitakazotiwa mizanini. Ya kwanza ni ya mkuki. George Klima, Mmarekani aliyekaa na Wabarabaig katika miaka ya 1950 na kuchapa kitabu chake mwaka 1970, aeleza ya kuwa katika desturi zao za zamani kijana aliyemuua simba, au ndovu, au nyati, au mtu wa nje aliyehesabiwa kuwa ni adui wa watu, alipata heshima kubwa. Alipakwa samli, akapambwa, akazunguka kwa jamaa zake, nao wakampa ng'ombe. Serikali ya Kiingereza, iliyotawala Tanganyika wakati ule, ililihesabu jambo hilo la kumuua mtu kuwa ni kuua kwa makusudi, na katika hilo hapana atakayeilaumu. Damu ya mtu si kitu cha kuchezewa, wala desturi haiihalalishi. Lakini swali la kijana wetu labaki pale pale: mkono ule ulisukumwa na nini?

Hapa ndipo wenye ilimu ya nafsi wagawanyikapo. Ilimu yao, kwa namna ya kupima na kufanya majaribio, huhesabiwa tangu mwaka 1879, pale Wilhelm Wundt alipofungua chumba cha majaribio katika mji wa Leipzig. Tangu hapo hawakukaa juu ya kauli moja. Na khitilafu zao si kama za maimamu wanne. Imamu Shafi na Imamu Malik wamekhitilafiana katika matawi, na shina lao ni moja. Hawa wamekhitilafiana katika shina lenyewe: nafsi ni kitu gani? Wako hata waliosema ya kuwa haina haja ya kutajwa.

Sigmund Freud, mganga wa Vienna (1856–1939), asema ya kuwa sehemu kubwa ya nafsi imefichikana na mwenyewe, na ya kuwa ndani yake mna matamanio na uadui ambao mtu akiwa mtoto alifunzwa kuuzuia. Tangu mwaka 1920 alizidisha kwa kusema ya kuwa katika mtu mna msukumo wa kuangamiza. Kwa madhihabi yake, kijana wa Basotu alikuwa na mkuki ndani ya moyo kabla hajashika ule wa chuma. Kauli hii yafanana kwa mbali na waliyoyasema masufi juu ya nafsi iamrishayo maovu, na kwa hivyo huwavutia wengi. Lakini ina kasoro kubwa katika ushahidi. Kijana akikiri ya kuwa alimchukia baba yake, hiyo ni dalili. Akikana, basi amelificha, na hiyo pia ni dalili. Shahidi ambaye akisema ndiyo na akisema la huandikwa ndiyo, kadhi gani atamkubali? Na tena, ikiwa msukumo huo umo katika watu wote, mbona kijana wa Basotu alitoka na mkuki na kijana wa Lamu hakutoka?

Madhihabi ya pili ni ya mwenendo. John Watson wa Marekani aliyaandika mashina yake mwaka 1913, na baada yake B. F. Skinner akayatia nguvu kwa majaribio ya panya na njiwa. Hawa wasema: acha yaliyo moyoni, kwani hayaonekani, tazama kitendo na kile kifuatacho baada yake. Kitendo kilichofuatwa na malipo hurudiwa, na kisichofuatwa na malipo hufifia. Hakika khabari ya Basotu yakaribia kuwa imeandikwa kwa ajili yao. Kijana hana ng'ombe wake mwenyewe. Atoka, aua, arudi, na mara apewa ng'ombe na sifa, nao wadogo zake wasimama kando watazama. Mwaka 1961 Albert Bandura, katika chuo kikuu cha Stanford, aliwaonyesha watoto mtu mzima akilipiga sanamu la mpira, kisha watoto wale walipoachwa nalo wakalipiga kama walivyoona. Kwa hivyo wafuasi wa madhihabi haya husema: si damu ya Mbarabaig wala moyo wake, bali ni zizi la ng'ombe. Badilisha malipo, utabadilisha watu.

Wala kauli hii si ya kudharauliwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, naye ni katika mashekhe wakubwa wa madhihabi ya Shafi, alikwisha kufundisha katika Ihya ya kuwa tabia ni hali iliyotulia ndani ya nafsi, ambayo vitendo hutoka humo kwa wepesi pasipo kufikiri, na ya kuwa njia ya kuipata tabia njema ni kujikalifisha vitendo vyake mpaka viwe vyepesi. Bahili hutoa sadaka kwa uchungu leo, na kesho uchungu hupungua. Kila mwalimu wa chuo ajua jambo hili kwa watoto wa miaka saba wanaozoeshwa Sala.

Lakini hapa ndipo zitenganapo njia. Ghazali aanza kwa mtu ajizoezaye mwenyewe kwa nia; Skinner aanza kwa mwenye kumzoeza njiwa. Na katika Basotu malipo yale yaliwekwa mbele ya vijana wote, na walio wengi hawakuua mtu. Huyo aliyebaki kwake akachunga ng'ombe za baba yake mpaka akaoa, madhihabi ya mwenendo yana neno gani juu yake? Husema ya kuwa kwake yako malipo mengine yasiyoonekana. Basi wamerejea kwenye yasiyoonekana, ambayo walianza kwa kuyakataa! Tena ng'ombe wale walitolewa na wazee, na wazee ni watu pia. Mwenye kueleza kitendo cha kijana kwa malipo ya wazee hajamaliza kazi. Amehamisha swali kutoka zizi moja kwenda zizi jingine.

Waliokuja baada yao, tangu katikati ya karne ya 20, waliirejesha akili mahali pake. Hawa ni watu wa ufahamu. Kwao mtu hafanyi kwa mujibu wa kitu kilivyo, bali kwa mujibu wa anavyokifahamu. Aaron Beck wa Marekani (1921–2021) alijenga juu ya msingi huo matibabu ya huzuni, akimfundisha mgonjwa kuzikamata fikra zake na kuzihoji. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 wa miladi, alikwisha kuandika kitabu cha maslaha ya miili na nafsi, akashauri ya kuwa mtu aweke akiba ya fikra njema wakati wa uzima, kama awekavyo dawa nyumbani, ili azitumie hofu na huzuni zitakapomjia. Kwa madhihabi ya ufahamu, ufunguo wa khabari ya mkuki ni neno adui. Kijana alimtia mgeni katika kundi moja na simba. Alipomwona hakumwona mtu mwenye mama, aliliona kundi. Katika kauli zote zilizotajwa, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na haki, na sababu yake itaonekana mbele, kwani jina la adui halikutumiwa na Wabarabaig peke yao.

Wako na wengine. Abraham Maslow aliandika mwaka 1943 ya kuwa haja za mtu zina daraja, chini yake ni chakula na usalama, na juu yake ni heshima na kutimia kwa utu. Kwake kijana alitafuta heshima kwa njia aliyoiona wazi. Kauli tamu, nayo haikatazi kitu, kwani mwizi naye hutafuta heshima. Wako na wachunguzi wa mwili. Mwaka 2015 Marina Butovskaya wa Urusi na wenziwe walichapa uchunguzi juu ya wanaume wa Kihadza na wa Kidatoga, wakitazama sehemu moja ya urithi wa damu pamoja na ukali wa tabia. Hakuna ubaya katika kuchunguza, na mwili una sehemu yake katika hasira. Kila aliyefunga siku ya joto ajua. Ila Wahadza ni watu ambao malezi yao huwafunza kukwepa ugomvi na kuhama, na Wadatoga vijana wao hulelewa kulinda mifugo kwa nguvu. Damu na malezi vimekwenda pamoja miaka mingi, na kuvitenga si kazi ya kipimo kimoja.

Sasa turejee kwenye swali la kijana. Madhihabi haya yote yamesema juu ya sababu, na swali lake lilikuwa juu ya udhuru. Hivi ni vitu viwili. Mafakihi hawakukana katika zama zozote ya kuwa vitendo vina sababu. Walijua ya kuwa mlevi alikunywa kwa ajili ya rafiki zake, na ya kuwa mzinzi alivutwa na matamanio. Walichokiuliza ni kingine: je, alikuwa na akili? Alikuwa amebaleghe? Alikuwa macho? Alikuwa na hiari? Kwa hivyo kalamu imeondolewa kwa mtoto, na aliyelala, na majununi, na si kwa kila mwenye kueleweka. Kumwelewa mtu hakumtoi katika hukumu. Lau kungemtoa, basi aliyesoma sana angekuwa hana wa kumlaumu, na mjinga peke yake ndiye angebaki kuwa kadhi.

Na upande wa pili wa jambo hili ni mzito vile vile. Kumweleza mtu kwa sababu kwaweza kuwa njia ya kumvua utu. Katika nchi jirani ya Kenya alikuwako mganga J. C. Carothers, aliyeisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu mwaka 1938 mpaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Dunia likamchapia kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamchapia kingine, juu ya nafsi za watu wa Mau Mau. Yaani watu waliochukua silaha wakidai ardhi yao walielezwa kwa ubongo wao na malezi yao, na ardhi yenyewe ikawa khabari ndogo. Frantz Fanon, mganga wa nafsi aliyefanya kazi Algeria, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1961. Lakini wengi waliotawaliwa hawakupata kulisoma jibu. Walipata kuhukumiwa tu.

Na kabla ya Carothers lilikuwako neno jingine. Mwaka 1926 Melville Herskovits, Mmarekani, aliandika juu ya watu wa ng'ombe wa Afrika ya Mashariki, akatumia neno kompleksi, na makusudio yake yalikuwa mkusanyiko wa desturi zilizofungamana na ng'ombe. Watu wa serikali walilisikia kwa sikio la Freud, wakadhani ametaja ugonjwa wa nafsi, na tangu hapo mfugaji akawa ni mtu mwenye maradhi ya ng'ombe. Neno moja lililosikiwa vibaya likakaa katika maofisi miaka mingi. Asiyependa kuuza ng'ombe wake ni mgonjwa. Na benki isiyopenda kutoa akiba yake, hiyo ni benki yenye busara.

Hapo twafika kwenye khabari ya pili, nayo ni ya plau.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilianzisha shamba la ngano pale Basotu, chini ya shirika la taifa la kilimo na chakula, lililojulikana kwa jina la NAFCO. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kanada ilisaidia kwa fedha, mitambo na mafundi. Mashamba yakawa saba, na Mulbadaw na Gawal ni katika hayo, na jumla yake yapata ekari 100,000. Ardhi iliyochaguliwa ilikuwa ndiyo malisho bora ya Wabarabaig. Charles Lane, aliyeandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1996, aeleza ya kuwa walikuwa wakihamisha mifugo kwa majira kutoka malisho ya namna moja kwenda ya namna nyingine, na ya kuwa kuondolewa kipande kilicho bora kuliuharibu mzunguko wote. Wapangaji hawakuona mzunguko. Waliona ardhi isiyokuwa na mtu.

Katika ardhi ile mlikuwa na makaburi. Mzee mwenye heshima akifa Wabarabaig humfanyia mazishi makubwa yaendeleayo miezi mingi, na juu ya kaburi hujengwa kilima cha udongo kinachozidi kimo cha mtu. Huitwa bung'ed. Pale ndipo wazawa wake warejeapo kwa miaka na vizazi. Plau zilipita juu ya mengi ya makaburi hayo, zikayasawazisha, na ngano ikapandwa. Watu wa pwani, ambao hawaiachi siku ya ziara bila ya kusimama kwenye makaburi ya wazee wao, hawahitaji kuelezwa maana yake.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985, na katika jumla ya hoja zake ni kuwa wadai hawakuthibitisha ya kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Mwaka 1993 ikaundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuyachunguza malalamiko ya kuvunjwa haki za watu katika mashamba hayo.

Basi na waitwe wenye ilimu ya nafsi mara ya pili. Walipoulizwa juu ya mkuki walikuwa na maneno mengi. Juu ya plau ni nani aliyeuliza? Mbarabaig alipoingiza ng'ombe katika ngano, ilitafutwa tabia yake, na ukaidi wake, na kutopenda kwake maendeleo. Dereva wa trekta aliyeona kilima cha kaburi mbele yake akalishusha plau, hakuna aliyekwenda kumpima ubongo. Wala mpangaji aliyechora mstari katika karatasi. Wala mkubwa aliyetia sahihi. Hawa walihesabiwa kuwa ni watu wenye akili timamu wafanyao kazi yao, na mwenye akili timamu hatafutiwi sababu.

Na hali ilimu yenyewe ina vya kusema juu yao, ikiulizwa. Mwaka 1961 Stanley Milgram, katika chuo kikuu cha Yale, aliwaita wanaume 40 akawaambia wamwadhibu mtu kwa umeme kila akikosea jibu, na kila mara wazidishe. Umeme haukuwako, na mtu yule alikuwa akiigiza, ila wao hawakujua. Mwenye koti la kazi alisimama karibu akiwaambia waendelee. Katika wale 40, watu 26 waliendelea mpaka mwisho wa kipimo, volti 450, na wengi wao huku wakitetemeka na kutoka jasho. Hawakuwa makatili. Walikuwa watu wa kawaida walioambiwa na mwenye cheo. Na watu wa ufahamu nao wana la kusema juu ya mpangaji: kama vile kijana wa mkuki alivyomwona mgeni kuwa ni kundi, yeye aliwaona wenye ardhi kuwa ni kizuizi. Hata madhihabi ya mwenendo yana lao, kwani magunia ya ngano yalihesabiwa na kusifiwa, na makaburi hayakuhesabiwa katika daftari lolote.

Akisema msemaji: basi dereva ana udhuru, kwani aliamrishwa, hujibiwa kwa yale aliyojibiwa mwenye mkuki. Sababu si udhuru. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika Minhaji, kitabu kisomwacho katika darasa za pwani hii kizazi baada ya kizazi, amelitaja jambo la mtu aliyelazimishwa kuua, na kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhihabi ni kuwa kisasi kiko juu ya aliyelazimisha na aliyelazimishwa pia. Hiyo ni katika kulazimishwa kwa kitisho. Ama amri tupu, ya mwenye kofia kumwambia mwenye usukani, daraja yake ya udhuru ni ndogo zaidi. Kuvunja kaburi si sawa na kuua, na hakuna asemaye ya kuwa ni sawa; lakini mlango wa hoja ni mmoja, nao haumruhusu mwenye kuamrisha kujificha nyuma ya mtenda, wala mtenda kujificha nyuma ya mwenye kuamrisha.

Na yule mzee aliyebaki, aliyekuja na wajukuu wake asikute kaburi la baba yake? Hapa Balkhi amewazidi wengi waliokuja baada yake. Aliigawa huzuni mafungu mawili: iliyo na sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na kipenzi, na isiyo na sababu ijulikanayo, ambayo yaelekea kutoka mwilini na huhitaji dawa za mwili. Mgawanyo huu ni rahisi, nao ni wa haki. Huzuni ya Basotu ni ya fungu la kwanza. Mwenye kuitibu kwa kumfundisha mzee afikiri vizuri zaidi, amemgeuza aliyedhulumiwa kuwa mgonjwa. Dawa yake imo katika ardhi, na mahakama, na kurejeshewa kilichochukuliwa. Baada ya hayo ndipo maneno ya kuliwaza yapatapo mahali pa kukaa.

Wengine wa wenye ilimu hiyo wamekwisha kuona upungufu wao. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenziwe wawili walionyesha ya kuwa yapata asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Yaani wamempima mwanafunzi wa Marekani, wakaandika: mwanaadamu. Na Malik Badri wa Sudan (1932–2021), mwalimu wa ilimu hiyo hiyo, aliwaonya wenziwe Waislamu katika kitabu chake cha mwaka 1979 wasizimeze kauli za Freud na wenzake nzima nzima. Wala hakuwaambia waitupe ilimu, kwani yeye mwenyewe aliwatibu watu kwayo mpaka uzeeni. Kijana aulizaye madrasani yafaa ajue ya kuwa alichokipata skuli si uwongo. Ni taa zilizoshikwa na watu, na watu huchagua pa kuzielekeza.

Limebaki jambo la msomaji mwenyewe. Watu wa pwani wana neno lao la zamani kwa watu wa bara, wakiwaita washenzi, na wengi wamelitumia wasijue ya kuwa limefanya kazi ile ile ya neno Mang'ati. Na ngano ya Hanang haikupandwa ili iliwe Hanang. Ilikwenda kwenye vinu, na kutoka vinuni ikawa unga wa mikate na maandazi ya mijini. Mla mkate hakushika mkuki wala usukani. Lakini akiulizwa, atasema ya kuwa hakujua. Na mafakihi wameijadili kutojua, wakaikubali kuwa ni udhuru kwa aliyesilimu juzi, na kwa aliyekulia mbali na wenye ilimu asipate wa kumwuliza. Khabari za Basotu zimeamuliwa mahakamani mbele ya watu, zikaundiwa tume na kuandikiwa kitabu, na Wabarabaig wengine wamehamia mijini, wakawa walinzi wa usiku milangoni mwa watu. Mwenye kutaka kuuliza, wa kumwuliza yuko mlangoni.